MAISHA YA GREGOR MENDEL, PADIRI ALIYEHESABU PETIPWA

Mara hii tunawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake linaandikwa kila mwaka juu ya ubao wa kalasi ya mwisho, saa ya biyoloji, na ambaye wengi wetu tunamsahau kisha egzame. Ni Gregor Mendel. Sheria zake tunazijua kwa kichwa, hata kile kisanduku chenye vyumba vinne tunajua kukichora, lakini mtu mwenyewe hatumjui. Tena tulidhani kama petipwa zake ni mambo ya Ulaya tu, hayatugusi.

Kilichotufanya tutafute habari zake ni neno lililotokea nyumbani kwa mwenzetu mmoja, kule Katuba. Mdogo wake wa miaka sita ana ule ugonjwa ambao hapa Lubumbashi wote tunauita SS. Damu inapunguka mwilini, macho yanageuka manjano, mifupa inauma mpaka mtoto analia usiku kucha, na kila mara ni mbio ya kwenda lupitalo kutafuta damu ya kumtia. Mwaka uliopita jamaa ya upande wa baba ilikaa kikao. Walisema ugonjwa umetoka kwa mama, sababu kwao hakuna mtu aliyepata kuugua namna hii. Wengine wakamtaja nkambo wa upande wa mama, kwamba ni yeye anayemla mtoto. Baba akaanza kufikiri kumrudisha bibi yake kwa wazazi wake. Mwenzetu akatuuliza sisi wa kamati ya gazeti: ni kweli ugonjwa unaweza kutoka kwa mama peke yake? Tulipotafuta jibu, vitabu vyote vilitupeleka kwa huyu padiri.

Mendel alizaliwa mwezi wa saba wa mwaka 1822, katika kijiji cha Heinzendorf. Wakati ule kilikuwa chini ya kaisari wa Austria. Leo ni inchi ya Cheki, na kijiji kinaitwa Hynčice. Jina lake la kuzaliwa ni Johann. Baba yake, Anton, alikuwa mlimaji. Siku tatu kila juma alipaswa kufanya kazi ya bwana mkubwa bila malipo, na siku zilizobaki akalima shamba lake. Wazee wetu waliolimishwa pamba kwa nguvu wakati wa Wabeleji wataelewa jambo hili bila kuelezwa. Lakini Anton alipenda miti ya matunda, alijua kupandikiza tawi la mti mmoja juu ya shina la mwingine, na mtoto wake alijifunza kazi ya bustani na ya nyuki tangu udogo.

Mwalimu wa kijiji akaona kama huyu mtoto ana akili, afazali apelekwe mbele. Akatumwa kusoma mbali, mjini Troppau. Wazazi hawakuwa na uwezo wa kumlipia chakula chote, wakalipa nusu; mara nyingi njaa ilikuwa mwenzake wa kalasi. Mwaka 1838 gogo la mti lilimwangukia baba kifuani akiwa katika kazi ya yule bwana mkubwa, na tangu siku hiyo nguvu zake hazikurudi. Johann alikuwa na miaka 16. Alianza kufundisha watoto wengine ili apate franga za kula, akasoma hivyo, akaugua hivyo. Mara kadhaa alirudi nyumbani kulala kitandani kwa miezi.

Aliyemwokoa ni dada yake mdogo, Theresia. Katika inchi ile msichana ndiye aliyeletea bwana mali wakati wa ndoa, si kama kwetu ambako bwana ndiye anatoa mahari. Theresia alikata sehemu ya mali yake ya ndoa, akampa kaka yake amalize masomo. Hakusahau: miaka mingi kisha, alipokuwa mkubwa na mwenye cheo, Mendel alisaidia kusomesha watoto watatu wa Theresia, na wawili kati yao wakawa waganga wa lupitalo.

Mwaka 1843 aliingia monasteri ya Mtakatifu Thomas katika mji wa Brünn, ambao leo ni Brno, akapewa jina la Gregor. Sisi wa masomo ya Kiprotestanti hatuna desturi ya kusifu monasteri, lakini tuseme kweli: yeye mwenyewe hakuficha kwamba aliingia pia juu ya kuchoka na taabu ya kutafuta chakula. Mule ndani alikuta mkate, vitabu vingi, bustani, na mkubwa wa monasteri, Cyrill Napp, aliyekuwa akijiuliza pamoja na wafugaji wa kondoo wa eneo lile: kitu gani kinatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na kwa njia gani? Swali lilikuwa la biashara, sababu sufu nzuri ilileta franga nyingi.

Kazi ya upadiri ilimshinda. Alipotumwa kutembelea wagonjwa, alipoona maumivu yao, naye alianguka mgonjwa. Njo maana Napp alimtuma kufundisha katika masomo ya sekondari. Alikuwa mwalimu mzuri, mcheshi, wanafunzi walimpenda. Mwaka 1850 akafanya egzame ya kupata diplome ya mwalimu. Akaanguka. Napp akamtuma Vienna, kwenye universite, tangu 1851 mpaka 1853, na kule alifundishwa fizika na Christian Doppler, tena akajifunza hesabu ya kupanga vitu, yaani namna ngapi vitu viwili ao vitatu vinaweza kukutana. Mwaka 1856 akajaribu egzame mara ya pili. Akaugua katikati, akaiacha. Hakujaribu tena. Miaka 14 alifundisha Brünn bila ile diplome, akiitwa mwalimu wa kusaidia tu. Wenzetu wanaongoja matokeo ya egzame ya Serikali wasituambie tena kama wao peke yao ndio wenye kutetemeka.

Mwaka ule ule wa 1856 alianza kazi ya petipwa. Bustani yake ilikuwa na urefu wa metre 35 na upana wa metre 7, nyembamba kama kiwanja cha nyumba ya kartiye. Juu ya nini petipwa? Zinaota upesi, hazihitaji nafasi kubwa, na ua lake limefungika: mbegu inapata baba na mama katika ua lile lile, hakuna nyuki wa kuchanganya. Kwanza alipanda aina 34 kwa miaka miwili kuona kama hazibadiliki, akashika 22. Kisha akafungua maua yakiwa bado machanga, akaondoa sehemu za kiume kwa koleo ndogo, akaleta unga wa ua lingine, akafunika ua kwa kifuko. Kwa miaka minane, mpaka 1863, alishughulikia mimea karibu 28.000. Wengine mbele yake walikuwa wamechanganya mimea vile vile, lakini waliangalia tu na kustaajabu. Mendel alihesabu.

Alichanganya petipwa ya mbegu manjano na petipwa ya mbegu kijani. Watoto wote wakatoka manjano. Kijani ikawa kama imekufa. Lakini alipopanda hao watoto na kuwaacha wazae wenyewe, kijani ikarudi. Alihesabu mbegu 6.022 za manjano na 2.001 za kijani. Katika mbegu za duara na zile zenye kukunjana, alipata 5.474 kwa 1.850. Angalieni hesabu hizo: kila mara ni karibu tatu kwa moja. (Mwaka 1936 mwanahesabu Fisher wa Uingereza alisema hesabu za Mendel ni nzuri kupita kiasi, na watu wamebishana sana juu ya neno hilo, lakini sheria yenyewe imejaribiwa kila mahali nayo imesimama.)

Mendel alielewa kama kila mmea una vitu viwili kwa kila tabia, kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama, na anapozaa anatoa kimoja tu, bila kuchagua. Kimoja kinaonekana, kingine kinaweza kujificha nyuma yake. Kilichojificha hakikufa. Kinapokutana na mwenzake kinatokea, hata kama wazazi wote wawili hawakuonyesha alama.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Mendel alifanya kazi yake pande zote mbili. Mara alichukua manjano kuwa mama na kijani kuwa baba, mara akageuza. Matokeo yalikuwa yale yale. Mama hakutoa zaidi, baba hakutoa kidogo. Tulipofika penye habari hiyo tulimwita mwenzetu wa Katuba, tukaisoma pamoja mara mbili.

Kisha alifanya jambo lingine ambalo katika kalasi tunalipita mbio. Alichukua mimea 519 iliyotoka katika zile mbegu za manjano, akaangalia uzao wao. Mimea 166 ilizaa manjano tupu. Mimea 353 ilizaa manjano na kijani pamoja. Maana yake, kati ya watatu wanaoonekana wazima, wawili wanabeba kijani kwa siri. Kwa macho hauwezi kuwatenga.

Tarehe 8 ya mwezi wa pili na tarehe 8 ya mwezi wa tatu 1865 alisoma kazi yake mbele ya chama cha wapenda elimu wa Brünn. Watu karibu 40 walikuja, wakasikiliza kwa heshima, wakarudi nyumbani. Kitabu kilitoka mwaka 1866. Alijitumia nakala 40 kwa wenye elimu. Mmoja tu, profesa Nägeli wa München, alimwandikia kwa muda mrefu, lakini hakuelewa uzito wa jambo, na alimsukuma ajaribu mmea mwingine ambao, kama ilivyojulikana baadaye, unazaa mbegu bila baba. Mendel aliteseka nao kwa miaka, mpaka macho yakachoka. Darwin, aliyekuwa akitafuta jibu lile lile kule Uingereza, alikufa bila kulisoma.

Mwaka 1868 Mendel alichaguliwa kuwa mkubwa wa monasteri. Cheo kilimaliza elimu. Aliendelea kufuga nyuki na kuandika kila siku habari za mvua na upepo, akavuta sigara nyingi, akanenepa, na tangu 1874 akaingia katika vita ya barua na Serikali juu ya kodi mpya ya monasteri, ambayo alikataa kuilipa mpaka mwisho. Hapa sisi tunamwona kama mzee mgumu aliyepoteza miaka kumi kwa bure. Alikufa tarehe 6 ya mwezi wa kwanza 1884, mafigo yakiwa yameharibika. Mji ulimlilia padiri mwenye huruma. Karatasi zake nyingi zikachomwa moto. Hakuna aliyejua kama wamemzika mtu mkubwa wa elimu.

Ilipita miaka 16. Mwaka 1900 watu watatu katika inchi tatu, de Vries wa Uholanzi, Correns wa Ujerumani na Tschermak wa Austria, kila mmoja kwa kazi yake, wakakuta sheria ile ile, na walipofungua vitabu vya zamani wakaona padiri amewatangulia. Mwaka 1902 munganga Garrod wa London alionyesha kama ugonjwa mmoja wa watu, unaogeuza mkojo kuwa mweusi, unafuata hesabu ya petipwa. Alikuwa ameona kama wazazi wa wagonjwa hao ni wazima, na mara nyingi ni watoto wa ndugu. Tangu hapo Mendel aliingia ndani ya nyumba za watu.

Na nyumba zetu? Ugonjwa wa SS uliandikwa mara ya kwanza katika vitabu vya waganga mwaka 1910 na Herrick wa Chicago, aliyeona katika damu ya kijana mmoja kutoka kisiwa cha Grenada chembe zilizopindika kama mundu. Lakini ufunguo mmoja ulipatikana karibu na sisi kabisa. Kule Balovale, juu ya mto Zambezi, wilaya ambayo leo ni ya Zambia, munganga mmoja Mwingereza aliyeitwa Beet alipima damu ya wagonjwa wake. Eneo hilo ni la Walunda na Waluvale, na tunajua wote kama Walunda na Waluvale wako pande mbili za mpaka. Wenzetu wa Dilolo na Sandoa wana ndugu kule. Mwaka 1946 Beet aliandika kama wenye chembe za mundu lakini wasio wagonjwa walionekana kuwa na malaria kidogo kuliko wengine. Mwaka 1949 aliandika tena, juu ya jamaa za Kibantu za Rhodesia ya Kaskazini: mwenye alama moja ni mzima, mwenye alama mbili ni mgonjwa. Mwaka ule ule Neel, kule Marekani, alifika pale pale bila kujua habari za Beet. Ilikuwa Mendel mtupu: manjano, manjano yenye kuficha, kijani.

Leo tunaandika AA kwa asiyebeba kitu, AS kwa anayebeba bila kuugua, na SS kwa mgonjwa. Baba AS na mama AS wote wawili wanakula bukari yao vizuri, wanacheza mpira, hawana alama. Kila mmoja anatoa A ao S. Mtoto akipata S kwa baba na S kwa mama, ni SS. Haiwezekani mtoto awe SS kwa kupata S ya mama tu. Angekuwa AS, mzima. Tulijaribu katika kalasi kwa maharagi. Mifuko miwili, kila mmoja una haragi jekundu na jeupe; unatoa moja huku na moja kule bila kuangalia, unaandika, unarudisha. Tulipata meupe mawili karibu mara moja katika nne, si nne kamili. Mara moja tulitoa meupe mawili mara tatu kwa kufuatana, na kalasi nzima ikapiga kelele. Mifuko haikumbuki. Wazazi waliozaa mtoto mmoja SS hawawezi kusema kama watatu wanaofuata watakuwa wazima. Kila mimba inaanza hesabu upya. Ndiyo sababu nyumba moja ina wagonjwa watatu, na ya pili yenye damu ile ile haina hata mmoja, na majirani wanaanza kutafuta mchawi.

Tena watu wanauliza: kama S inaua, kwa nini haikuisha zamani za mababu? Jibu lilitolewa mwaka 1954 na Allison, aliyekua Kenya na kufanya kazi yake Afrika Mashariki. Mtoto AS anapigana na malaria kali kuliko mtoto AA. Pale mbu walipoua watoto, AS walibaki, wakazaa. S iliokoa wengi na kuua wachache, na jamaa iliyonayo ni jamaa iliyopita katika malaria. Hesabu iliyotolewa mwaka 2009 juu ya watoto wachanga zaidi ya 31.000 wa Kinshasa ilionyesha AS karibu 17 kwa kila mia, na SS karibu 14 kwa kila elfu moja. Kwa hiyo katika kalasi ya wanafunzi 50 inawezekana kabisa wako wenzetu wanane ao tisa wanaobeba S na hawajui.

Mwaka 2021 huko Brno walifungua kaburi la Mendel, mbele ya sikukuu ya miaka 200 tangu kuzaliwa kwake, wakasoma urithi ulioandikwa ndani ya mifupa yake. Hata yeye alikuwa amebeba vitu vya siri.

Turudi Katuba. Mwenzetu alibeba nyumbani karatasi yenye kisanduku cha vyumba vinne, na mifuko miwili ya maharagi. Alianza na mama, akiwa peke yake jikoni. Baba alikataa kwanza, akisema mtoto hawezi kumfundisha baba mambo ya kuzaa. Kisha juma mbili baba mwenyewe aliuliza ile karatasi iko wapi. Walienda wote wawili kutolewa damu, na mjomba mmoja wa upande wa baba aliwafuata, sababu hakuamini. Baba alikuwa AS. Mama AS. Mjomba, ambaye ndiye aliyesema sana katika kikao, naye AS. Siku ile hakuna aliyesema neno ndani ya basi. Mama hakurudishwa kwao. Mtoto anaendelea kwenda kwa munganga, anakunywa dawa zake na maji mengi, na usiku wa baridi wanamfunika vizuri, kwa maana baridi inamwamsha maumivu.

Mwenzetu mwenyewe ni mzima, hajapata kuugua. Kufatana na ile mimea 519, nafasi yake ya kubeba S ni mbili katika tatu. Bado hajapimwa. Anasema ataenda wakati wa likizo, na ameomba mmoja wetu amsindikize.